Baraza na Uani: Sura Tunayojijengea Katika Mitandao ya Kijamii

Nakala ya darsa iliyotolewa baada ya sala ya Tarawehe, kumi la pili la mwezi wa Ramadhani, kwa ajili ya ndugu ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mjuzi wa ya dhahiri na ya siri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu, tunamshukuru Mola aliyetufikisha katika usiku huu hali ya kuwa tumefunga mchana wake. Saumu ina sifa moja ambayo ibada nyingi hazina: haionekani. Mwenye kusali huonekana akirukuu. Mwenye kuhiji huonekana katika ihramu. Mwenye kutoa zaka hujulikana walau na aliyeipokea. Lakini mwenye kufunga, hakuna anayejua kwa yakini kwamba amefunga isipokuwa Mola wake, kwani angeweza kunywa maji nyuma ya mlango wa jikoni kisha akatoka na midomo mikavu. Hata tukiipiga picha meza ya futari, tumepiga picha ya sambusa, ya kachori na ya uji wa pilipili manga. Njaa ya mchana kutwa haimo katika picha ile. Iko hadithi qudsi ambamo Mwenyezi Mungu ameinasibisha saumu na nafsi Yake, na wanazuoni wengi wameieleza kwa sababu hiyo: saumu ni siri baina ya mja na Mola wake.

Basi katika mwezi wa ibada ya siri, inatupasa tuyatazame maisha yetu mengine, ambayo kwa sehemu kubwa yamekuwa maisha ya kuonekana. Mtu anapoweka picha na maneno katika Facebook, Instagram, TikTok au WhatsApp, anajijenga kuwa nani? Anajijenga mbele ya nani? Na gharama ya jengo hilo inalipwa na nani? Swali hili la tatu ndilo zito zaidi kwetu sisi tunaoishi mbali na kwetu, na ndilo tutakalolifikia baada ya kuyaeleza mawili ya mwanzo.

Kujionyesha hakukuanza na simu

Tusianze kwa kuilaumu simu. Aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au vya Lamu ameiona milango ya kuchongwa. Mlango ule ulitoa habari za mwenye nyumba kabla hodi haijapigwa: ulisema juu ya mali yake na cheo chake, na pengine juu ya dini yake, kwa kuwa baadhi ya milango imechongwa aya za Qur'ani Tukufu. Wazee waliyaona hayo na wakatuachia methali yake: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mama zetu nao walikuwa na kanga zao. Mwenye neno na jirani yake hakulazimika kulitamka. Alikwenda dukani, akachagua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mbele ya anayehusika. Mtu anayeweka fumbo kwenye stetasi ya WhatsApp leo, akijua fika nani atalisoma na nani litamchoma, anafanya kazi ile ile kwa chombo kingine.

Wataalamu wa elimu ya jamii nao wamelitazama jambo hili. Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, aliishi kwa muda katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, akifanya utafiti wake. Mwaka 1956 kilichapishwa Edinburgh kitabu chake kuhusu namna mtu anavyojionyesha katika maisha ya kila siku. Aliyafananisha maisha hayo na mchezo wa kuigiza: pana jukwaa, na pana nyuma ya pazia. Miongoni mwa mifano yake ni hoteli ya visiwani humo, ambako mhudumu alikuwa na adabu moja mbele ya wageni ukumbini, na mwenendo mwingine mara tu alipoingia jikoni. Kwa lugha ya nyumba zetu tungesema: kila mtu ana baraza na ana uani. Barazani hukaribishwa wageni; uani hufuliwa nguo, hupikwa, hulilia mwenye kulia.

Kuwa na baraza si dhambi. Uislamu umetuamrisha kujitengeneza kwa ajili ya sala, Ijumaa na sikukuu. Umetufundisha pia kwamba watu hawasemeshwi wote kwa namna moja. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Sayyidna Ali, Allah amridhie, agizo la kuwasemesha watu kwa kiasi cha yale wanayoyafahamu. Kijana anayezungumza na babu yake kwa unyenyekevu, na na wenzake kwa mzaha wa halali, si mnafiki. Huyo ana adabu. Mwenye nyuso mbili aliyekemewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, ni yule anayewaendea hawa kwa uso na wale kwa uso mwingine ili awafitini au awahadae.

Kilichobadilika ni nini?

Kama kujionyesha ni jambo la kale, kwa nini leo linatushughulisha? Kwa sababu baraza lenyewe limebadilika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: wageni wote wameketi pamoja. Zamani mtu aliongea na wazee msikitini, na wafanyakazi wenzake kazini, na rafiki zake kijiweni, na jamaa wa kwao kwa barua. Kila kundi lilikuwa na wakati wake na lugha yake. Leo picha moja humfikia shangazi aliyeko Tanga, msimamizi wa kazi aliyeko Leicester, mpwa aliyeko Muskati na mtu tusiyemjua kabisa, wote kwa dakika moja. Hapo mtu hulazimika kuchagua: ama awe na akaunti mbili au tatu, ama atoe sura isiyomuudhi yeyote, nayo mara nyingi ni sura ya furaha na mafanikio, kwa kuwa furaha haihitaji maelezo.

Njia ya pili: barazani pamewekwa mizani. Mwaka 2009 Facebook ilianzisha alama ya kupenda, ambayo wengi huiita laiki. Mwaka 2016 Instagram ilitangaza kwamba picha hazitapangwa tena kwa kufuata saa zilipowekwa, bali kwa kadiri programu inavyokisia kwamba zitamvutia mtazamaji. Maana yake ni kwamba mtu akiweka picha ya kawaida, huenda isionekane na wengi. Akiweka ya fahari, itasukumwa mbele. Hakuna aliyemwamrisha kubadilika. Hesabu ya laiki inamfundisha polepole ni sura gani inayolipa, naye huanza kuifuata sura hiyo kama ng'ombe anavyofuata kamba. Uzito wa hesabu hiyo uliwaelemea watu kiasi kwamba mwaka 2021 kampuni yenyewe iliwaruhusu watumiaji kuificha.

Njia ya tatu: uani umeingiliwa. Mwaka 2016 Instagram ilileta picha zinazodumu kwa saa 24, na mwaka 2017 WhatsApp ikaleta stetasi ya namna hiyo hiyo. Kitu kinachofutika kesho huonekana chepesi, basi watu wakaanza kuonyesha chakula cha asubuhi, kitanda cha hospitali, ugomvi wa mume na mke, na machozi ya mtoto. Kimefutika kwa watu, ndiyo, ikiwa hakuna aliyekihifadhi. Ama daftari la Malaika watukufu waandishi, ambao Suratul-Infitar imetueleza kwamba wanayajua tunayoyatenda, halifutwi na saa 24. Hufutwa kwa toba.

Mafungu matano ya Imamu Ghazali

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, katika *Ihya Ulumuddin* ameandika kitabu kizima juu ya kupenda jaha na juu ya ria. Ameyagawa mambo ambayo watu hujionyesha kwayo katika mafungu matano. Tuyasikilize tukiwa na simu zetu mkononi.

La kwanza ni mwili. Wakati wake mtu alijionyesha kwa kukonda na kupauka, ili asemwe kuwa ni mchamungu wa mikesha. Leo mtu huulainisha uso wake kwa programu ya simu mpaka mama yake aliyemzaa akapata taabu kumtambua. La pili ni mavazi: wakati ule lilikuwa vazi lenye viraka vya uchamungu, leo ni nguo yenye jina la kampuni iliyovaliwa siku moja na kurudishwa dukani. La tatu ni maneno: kuwaidhia watu na kutaja habari za wema waliotangulia, si kwa kuwanufaisha bali kwa kusifiwa. La nne ni vitendo: kurefusha kisimamo na sijida kwa kuwa pana anayetazama. Aliye mbele ya Al-Kaaba, mgongo kwa Nyumba tukufu na uso kwa simu, na ajiulize yuko katika fungu gani.

La tano ndilo la kustaajabisha. Katika kulitaja fungu hilo Imamu ametumia neno la Kiarabu *atbaa*, na maana yake ni wafuasi. Akaeleza kwamba yuko mtu anayejitahidi atembelewe na mwanachuoni au mtawala, ili isemwe kwamba fulani amemzuru fulani. Miaka zaidi ya 900 imepita. Leo tunamzuia sheikh mlangoni mwa msikiti, si kwa kumuuliza mas'ala, bali kwa kupiga naye picha.

Na Imamu hakuyasema haya kwa kuwacheka wengine. Alikuwa mwalimu mkuu katika Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, mwenye sifa iliyoenea nchi nyingi. Ameeleza mwenyewe katika *al-Munqidh min al-Dalal* kwamba aliipima nia yake ya kufundisha, akaiona imechanganyika na kutafuta jaha na umaarufu. Mwaka 488 Hijria akaiacha kazi ile na kuondoka Baghdad.

Mpaka uko wapi?

Baadhi yetu tukisikia haya husema: basi tufunge akaunti zote. Anayeona kwamba hilo ndilo salama kwake, na afanye. Lakini kwa wengi wetu mitandao hii ndiyo inayotuunganisha na wazee wetu, na kwayo tunapata habari za ndoa, za uzazi na za misiba. Ghazali mwenyewe ameeleza kwamba kujipamba mbele ya watu kwa jambo lisilo ibada si lazima kuwe haramu. Kwa hiyo tunahitaji kuyatofautisha mambo matatu ambayo kwa mbali hufanana.

Jambo la kwanza ni kudhihirisha neema. Tirmidhi amepokea kwamba Mwenyezi Mungu hupenda kuiona athari ya neema Yake kwa mja Wake. Mwanafunzi aliyehitimu chuo kikuu, wazazi waliopata mtoto, familia iliyovaa vizuri siku ya Iddi, hawa hawana lawama wakishukuru na wakajichunga na kiburi na husuda.

Jambo la pili ni sitara. Hatulazimiki kumwambia kila mtu shida zetu, magonjwa yetu wala makosa yetu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba umati wote unatarajiwa kusamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha, na akatolewa mfano wa mtu aliyefanya kosa usiku, Mola akamsitiri, kisha asubuhi akalitangaza mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba ukweli ni kuanika kila kitu mtandaoni, hajasema ukweli wa Kiislamu. Kunyamaza si uongo.

Jambo la tatu ni kujivika tusichopewa. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama ana ubaya akijionyesha mbele ya mke mwenziwe kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Jibu alilolipokea Bi Asmaa binti Abubakar, nalo limo katika Bukhari na Muslim, linamfananisha mwenye kujishibisha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Tazameni mazingira ya swali: ni mtu anayetengeneza sura yake mbele ya mtazamaji maalumu, ili mtazamaji yule aumie au amwonee kijicho. Karne kumi na nne kabla ya simu, mas'ala haya yalikwisha kujibiwa.

Mpaka basi ni huu: sitara huficha kilichopo, na kujivika huonyesha kisichokuwapo. Aliyefunga mlango wa uani wake amejisitiri. Aliyechora nyumba ya ghorofa kwenye ukuta wa baraza ya kukodi, akawaita watu waishangae, amewadanganya.

Nani anayelipa?

Sasa tumefika kwenye swali la tatu. Tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu hapa Uingereza anaweza kuupima, na ndugu zetu walioko Muskati, Dubai au Marekani wanaujua pia.

Tuseme kuna ndugu anayefanya kazi ya usiku ghalani, au anayewahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kazi yake ni ya halali na ina heshima mbele ya Mola. Anaishi katika chumba cha kupanga. Siku ya baridi kali hufikiri mara mbili kabla ya kuwasha kipasha joto, kwa kuogopa bili. Siku yake ya mapumziko huvaa koti zuri, akapiga picha kando ya gari lisilo lake, na chini yake akaandika alhamdulillah. Picha ile inafika Unguja, Mombasa au Pemba kabla yeye hajarudi chumbani kwake.

Mlipaji wa kwanza ni mama yake. Mama akiugua, watoto walioko nyumbani huangalia picha, hufanya hesabu, na humpigia simu aliyeko Ulaya. Akisema hana, haaminiki, kwa kuwa gari limeonekana. Neno la kweli limefika likakuta uongo umekwisha kaa kwenye kiti. Ndugu huambizana kwamba fulani amewasahau, na udugu wa damu hukatika kwa sababu ya picha.

Mlipaji wa pili ni yeye mwenyewe. Ili picha isigeuke kuwa uongo mbele ya watu, hukopa kwa kadi ya benki yenye riba, akatuma. Mwezi wa pili hukopa tena ili alipe deni la kwanza. Aliyeanza kwa kupamba sura yake ameishia katika jambo ambalo Qur'ani imelitangazia vita. Na tunajua kutoka katika Bukhari jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyojizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba deni lile.

Mlipaji wa tatu ni mdogo wake. Kijana aliyeko nyumbani, mwenye kazi ndogo au masomo yanayoendelea, huiona picha akadharau alicho nacho. Kiwanja cha familia huuzwa ili alipwe wakala wa safari. Hakuna aliyemwambia habari za ghala, za usiku, wala za bili. Aliona koti na gari. Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Lakini aliyeunda hakuwaonyesha wenziwe misumari.

Mlipaji wa nne hatumwoni mara nyingi, na huyu ndiye anayetuhuzunisha zaidi. Ni yule mwenye haja ya msaada ambaye sura yake inamzuia kuuomba. Dada ambaye kila mwaka huweka picha ya kusherehekea ndoa yake, na ndani ya nyumba hakuna amani, atamwendea nani bila ya kuonekana alikuwa akiigiza? Ndugu aliyeachishwa kazi na bado anaweka picha akiwa amevaa tai, atausemaje ukweli katika kundi la jumuiya? Mtu huweza kuwa na wafuasi elfu na asiwe na mmoja wa kumgongea mlango saa nane za usiku. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mara nyingine kilio chenyewe ni mchango wa janaza, ambapo ndipo wengine hujua kwamba marehemu alikuwa na miezi kadhaa hajalipa kodi ya nyumba.

Tufahamu kwamba mzigo huu hauko upande mmoja. Wa nyumbani nao huonyesha harusi tu, wala hawaonyeshi mikopo ya harusi. Sisi huku hutazama na tukaona aibu ya kurudi mikono mitupu, na wao hututazama wakaona aibu ya kubaki. Kila upande unaukimbia uongo wa mwenziwe.

Sadaka na uso wa maskini

Ramadhani pia ni mwezi wa kutuma futari. Katika kumi hili makundi yetu ya WhatsApp hujaa picha za magunia ya mchele, maboksi ya tende, na mama mzee aliyesimama mbele ya kamera akipokea mfuko. Tunasema ni ushahidi kwa wachangiaji, na kweli anayechukua amana ya watu anapaswa kutoa hesabu. Lakini hesabu ni risiti, ni idadi ya kaya, ni picha ya mzigo ukiteremshwa. Uso wa maskini si risiti.

Suratul-Baqara imetueleza kwamba sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri wanapopewa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Mama yule hakuweza kukataa kupigwa picha, kwa kuwa mchele ulikuwa mkononi mwa mpiga picha. Wajukuu zake wataiona. Sisi tumejijengea sura ya wakarimu kwa matofali yaliyotolewa katika sitara yake. Tunaiomba kamati ya kila mchango ikubaliane tangu mwanzo: hesabu itolewe kamili, na uso wa mpokeaji usionyeshwe.

Watoto wetu

Watoto wetu waliozaliwa hapa wana kazi ngumu zaidi yetu. Shuleni wanaulizwa wanatoka wapi. Likizo wakienda kwetu wanaambiwa Kiswahili chao kina lafudhi ya Kizungu. Kwa hiyo wengi wana akaunti moja inayoonwa na wazazi na jamaa, yenye kanzu na hijabu za Iddi, na nyingine inayoonwa na marafiki. Mzazi akiigundua ya pili, hupiga kelele za unafiki.

Twende polepole. Kijana mwenye baraza mbili pengine anatafuta mahali ambapo hatahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Suratul-Hujurat imekataza kupelelezana, na malezi si upelelezi. Tumuulize kwa upole: ni lipi katika akaunti ile ambalo usingependa Mola wako alione? Hilo ndilo liondoke. Yaliyobaki, ikiwa ni mpira, mapishi na mzaha usio na madhara, tuyakaribishe mezani kwetu. Kijana akiona kwamba nyumbani anaweza kuwa Mswahili, Mwingereza na Muislamu kwa pamoja, haja ya kujigawa hupungua.

Na sisi wazazi tujitazame. Sura ya kwanza ya mtoto mtandaoni mara nyingi hujengwa na mzazi: picha akiwa uchi katika beseni, akilia kwa kushindwa hesabu, akisahau sura aliyohifadhi. Tunacheka, watu wanacheka, na picha inabaki. Mtoto ni amana, na sitara yake ni sehemu ya amana hiyo.

Maswali manne kabla ya kubonyeza

Hadithi iliyotangulizwa katika Sahihi ya Bukhari, kwa riwaya ya Sayyidna Umar, ni ile ya nia. Kwa kuifuata, tunashauri kila mmoja wetu ajiulize maswali manne kabla ya kuituma picha.

Kwanza, je, kilichomo ni changu na ni kweli? Pili, je, yuko nani atakayekiamini kisha akatoa mali, machozi au maamuzi kwa sababu yake? Tatu, je, yuko mtu ndani ya picha ambaye sitara yake si yangu kuiondoa? Nne, je, lau isingepata laiki hata moja, bado ningelifanya tendo lenyewe? Swali la nne ni la ibada hasa: umra, sadaka, kusoma Qur'ani.

Na yuko jambo moja la vitendo tunaloliomba kwa kila familia katika siku hizi zilizobaki. Chagueni mtu mmoja nyumbani kwenu, mama, kaka au dada, mpigieni simu, na mwelezeni maisha yenu ya huku kama yalivyo: kazi mnayoifanya, kodi mnayoilipa, kiasi mnachoweza kutuma kila mwezi na kiasi msichoweza. Msiandike kwenye stetasi, mwambieni yeye. Mmoja aliyeijua hali yetu atatutetea mbele ya kumi wasioijua, na siku tukianguka atajua njia ya kutufikia. Huko si kujianika. Huko ni kumfungulia ndugu mlango wa uani.

Suratul-Israa imetueleza kwamba kila mtu atatolewa kitabu Siku ya Kiyama, atakikuta kimefunguliwa, na ataambiwa akisome mwenyewe. Hakitakuwa na picha tulizozichagua na kuziacha zile tusizozipenda. Kitakuwa na usiku wa ghalani uliovumiliwa kwa ajili ya watoto, na sadaka iliyotumwa bila ya jina, na saumu ambayo hakuna aliyeishuhudia, pamoja na yale tuliyoyaficha na tukayatubia, na tunamwomba Mola ayafute.

Ewe Mola wetu, zifanye siri zetu kuwa njema kuliko dhahiri zetu, na dhahiri zetu zifanye njema. Tusitiri duniani na Akhera. Waponye wagonjwa wetu, walipie wenye madeni miongoni mwetu, warehemu maiti wetu waliozikwa katika ardhi hii na waliozikwa kwetu. Waunganishe waliokatana udugu, na tutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.